Nguruwe Yako Iko na Kilo Ngapi?

Baba mmoja wa Likasi aliuza nguruwe mwezi wa tisa, juu ya minervali ya watoto wawili wa sekondari. Mnunuzi alizunguka kibanda, akapiga mnyama mgongoni, akasema: « Papa, hii inafika kilo 50. » Wakapatana. Kijana aliyesaidia kumbeba alirudi jioni na habari: kule soko balansi ilionyesha 72. Mtoto mmoja alibaki nyumbani mpaka Noeli.

Wachimbaji wanajua jambo hili kuliko sisi. Kule Kolwezi mtu anashuka mu shimo, anapandisha mfuko, na njo balansi ya depo inasema jasho lake ni la bei gani. Sisi wafugaji hata balansi hatuombi, tunafuata paka macho ya mnunuzi!

Basi vijana, tufanye kazi. Jamaa tano za avenue moja zinaweza kununua pamoja balansi ya kutundika, ile ya kilo 100 yenye ndoano mbili. Itundikwe ku chuma au mti mnene uliolala juu ya nguzo mbili. Tawi linalopinda, hapana. Sindano iwe sawa na macho ya mtu mzima. Ukisoma kutoka chini, unakosea.

Mbele ya kupima mnyama, pimeni balansi yenyewe. Ikiwa tupu, sindano ikae ku 0. Kiisha tundikeni maji litri 20: hayo ni kilo 20, pamoja na uzito kidogo wa bidoni. Mfuko mpya wa simenti ni kilo 50. Kama simenti inaonyesha 46, balansi haiko sawa, msiitumie.

Mbuzi anabebwa na kitambaa cha nguvu chini ya tumbo, chenye matundu 4 ya miguu. Nguruwe mdogo anaingia mu mfuko. Pimeni kwanza kitambaa na kamba, mtoe hesabu hiyo. Ni asubuhi, mbele ya chakula, maana tumbo lililojaa linadanganya. Kumtundika kichwa chini ni kumtesa bure, na sindano itacheza tu. Ngojeni itulie.

Nguruwe mkubwa hatundikwi. Chukua metre ya mshonaji, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kiisha pima toka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69. Mzunguko wa metre 1,10 na urefu wa metre 1 unatoa karibu kilo 83. Inaweza kukosa kilo kadhaa, lakini inapita macho.

Mnunuzi atasema: « Mimi nauza nyama, si matumbo. » Ni kweli. Kwa kilo 100 za nguruwe mzima kunabaki karibu 70 mpaka 75. Kwa mbuzi, karibu nusu. Kwa hiyo bei ya kilo ya mnyama mzima iko chini ya ile ya bucheri, na mpatane juu yake mbele ya kutundika. Akija na balansi yake mwenyewe, mumpokee vizuri, mumpe kiti, na bidoni yenu ya maji iwe karibu.