Pundamilia alipodhaniwa kapakwa rangi, na twiga wa Malindi kule China

Sisi wa huku twiga na pundamilia tumewazoea mpaka basi. Twiga yuko kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, yuko kwenye mfuko wa saruji, na pundamilia kawapa jina vivuko vya barabarani. Nani anashangaa tena? Lakini kuna watu walikuwa hawajawahi kuwaona hata kwa kusimuliwa, na siku walipowaona ilikuwa kasheshe. Bahati nzuri waliokuwepo walichukua brashi wakachora, na picha zingine tunazo mpaka leo.

Tuanze na China. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga. Mwaka uliofuata akafika mwingine, safari hii katoka Malindi. Ndiyo, Malindi hii hii ya pwani ya Kenya! Hebu fikiria mnyama wa urefu ule kwenye jahazi, bahari yote ya Hindi.

Sasa Wachina walikuwa na mnyama wao wa hadithi anayeitwa qilin, na waliamini kwamba hajitokezi ovyo, mpaka nchi iwe na mtawala mwema. Walipomwona twiga, mpole, hali nyama, mwili mzima mabaka, ana vipembe vifupi vimefunikwa ngozi, wakasema ndiye huyu. Na Yongle hiyo habari ilimfaa sana, kwa sababu kiti chenyewe alikuwa amekipata mwaka 1402 kwa kumpindua mtoto wa kaka yake. Mtu wa namna hiyo akiletewa mnyama wa baraka atakataa? Yule wa Malindi mfalme alitoka mwenyewe mpaka kwenye lango la kasri kumpokea.

Twiga wa 1414 alichorwa, na afisa mmoja aliyekuwa bingwa wa mwandiko, Shen Du, akaandika juu ya picha maneno marefu ya kumsifu mnyama na mfalme wake. Picha ile ilinakiliwa na wengine baadaye. Ukiiangalia utacheka kidogo: mabaka yamepangwa kwa utaratibu kama magamba ya samaki, maana qilin wa hadithi ana magamba. Mchoraji kachora alichokiona, halafu kaongezea alichokitarajia. Wajumbe wa Malindi nao walirudishwa kwao na meli za amirali Zheng He, zilizoondoka China mwaka 1417.

Warumi wa zamani wao walimwita ngamia-chui, eti umbo la ngamia na madoa ya chui. Julius Caesar alimwonyesha mmoja Roma mwaka 46 kabla ya Kristo. Wafaransa nao walipoletewa wa kwao kutoka Misri, alitembezwa kwa miguu kutoka Marseille mpaka Paris mwaka 1827, karibu kilometa 900, na akina dada wa Paris wakaanza kusuka nywele kwenda juu kumuiga.

Kilichowashangaza wote ni shingo, na hapo kuna jambo wengi hatulijui. Shingo ya twiga ina pingili saba tu, idadi ile ile iliyoko kwenye shingo yako wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Kusukuma damu mpaka huko juu kunataka moyo wa kilo kama 11 na presha inayokaribia mara mbili ya ya binadamu. Ndiyo maana akitaka kunywa maji anatanua miguu ya mbele na kuinama kwa tahadhari.

Tuje kwa pundamilia, huyu ndiye ninayempenda zaidi. Mwaka 1621 aliletwa mmoja kutoka Uhabeshi kwa Jahangir, mfalme wa Wamughal kule India. Jahangir mwenyewe kaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba watu walidhani mnyama kapakwa rangi. Yaani walifikiri wanatapeliwa! Wakamchunguza vizuri mpaka wakaridhika kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba. Kisha mchoraji wake, Ustad Mansur, akamchora mstari kwa mstari, kafungwa hatamu, hana mbwembwe yoyote nyuma yake. Picha iko London, kwenye makumbusho ya Victoria and Albert.

Mistari ile ni ya nini? Zamani tuliambiwa ni ya kumchanganya simba. Siku hizi ushahidi mzito uko kwa pange, wale nzi wakubwa wanaouma ng'ombe na farasi. Mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavalisha farasi majoho ya mistari. Pange walikuja kama kawaida, ila wakashindwa kutua, wanapita kwa kasi au wanagonga na kuruka. Kichwani, ambako joho halikufika, walitua kama kawaida. Mwaka huo huo Wajapani wakawapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na kuumwa kukapungua karibu nusu. Kwa hiyo miaka karibu 400 baada ya Jahangir kumkagua pundamilia kama kapakwa rangi, watu wanapaka ng'ombe ili wafanane naye.

Ila kuna picha zinazonitia simanzi. Mwaka 1793 Mfaransa Nicolas Maréchal alimchora kwagga, aina ya pundamilia wa Afrika Kusini aliyekuwa na mistari mbele tu, nyuma kahawia. Walowezi waliwawinda mpaka wakaisha porini, na wa mwisho alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Zimebaki picha na ngozi.

Twiga nusura wafuate njia hiyo huko Niger. Jangwani mahali panapoitwa Dabous kuna twiga wawili waliochongwa kwenye mwamba maelfu ya miaka iliyopita, urefu zaidi ya mita tano, kipindi ambacho Sahara ilikuwa na majani. Mdomoni mwa twiga kunatoka mstari unaoshuka mpaka kwa kijitu kidogo. Kama ni kamba au ni nini, wataalamu bado wanabishana. Leo pale ni mchanga mtupu. Twiga wa Afrika Magharibi walibaki kusini zaidi, eneo la Kouré, na mwaka 1996 walihesabiwa 49 tu, hakuna wengine popote duniani. Uwindaji ukabanwa, wanakijiji wakashirikishwa, twiga wanakula kando ya mashamba ya mtama. Sasa wamepita 600.