Gunia la Kariakoo Lina Somo

Ndugu msomaji, ukipata safari ya Dar es Salaam, usikose kufika Kariakoo. Jina hilo latokana na “Carrier Corps”, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokaa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo kazi ya kuchukua mizigo haijakoma. Simama asubuhi kando ya Mtaa wa Kongo uwatazame wachukuzi. Utaona kwa macho somo ambalo watoto wetu hulisoma shuleni na kuliona gumu. Ndilo somo la nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi.

Mtazame mchukuzi mmoja. Ameinua gunia la mchele la kilo 50, akaliweka juu ya rundo lenye kimo cha mita 2. Gunia limetulia. Je, nguvu aliyoitumia imepotea? Hasha! Imewekwa akiba, kwa kuwa gunia liko juu. Akiba hiyo huitwa nishati tuli. Kuipima si kazi: zidisha kilo kwa 10, kwa ajili ya mvuto wa dunia, kisha zidisha kwa mita za kimo. Basi 50 mara 10 mara 2 ni jouli 1,000. Nazo zilitoka wapi? Katika uji na chapati alizokula mchukuzi asubuhi.

Gunia likiteleza, akiba ile hugeuka kuwa nishati mwendo. Kadiri linavyoshuka, akiba hupungua na mwendo huzidi. Likikaribia ardhi laenda kama kilomita 22 kwa saa. Ole wake aliyesimama chini!

Nishati mwendo nayo ina hesabu yake: zidisha kilo kwa mwendo, zidisha tena kwa mwendo uleule, kisha gawa kwa 2. Mkokoteni na mzigo wake wa jumla ya kilo 200, ukienda mita 1 kwa sekunde, una jouli 100. Ukienda mita 2, utasema ni 200? La, ni 400. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Ndiyo sababu gari la kilomita 60 kwa saa, likifungwa breki, huhitaji njia ndefu mara nne kuliko lile la kilomita 30 kabla ya kusimama.

Nishati hii ikifungwa vema hutufaa sana. Maji yaliyozuiwa na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji yana akiba kama lile gunia. Yakiachiwa kushuka, huzungusha mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na umeme huo huingia katika gridi ileile iwashayo taa za maduka ya Kariakoo.

Lakini akiba iliyo juu yataka kuheshimiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapohapo Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Kila tofali lililopandishwa juu lilikuwa na akiba yake, na siku ile akiba yote ilishuka kwa mara moja.

Basi, wazazi, somo hili si la mtihani tu. Kinu na mtungi visikae juu ya rafu mahali anapolala mtoto. Watoto wasicheze chini ya mnazi wenye nazi zilizokauka. Na kijana abebaye mikungu ya ndizi kwa baiskeli akague breki kabla ya mteremko, wala asingoje mpaka kasi imezidi. Wazee walisema: mwenda pole hajikwai. Hesabu yasema vivyo hivyo.