Makali ya Patasi: Maneno ya Kunoa katika Karakana za Meru na Embu

Wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili aghalabu huanza na majina ya vitu. Kwa upande wa useremala majina hayo si haba: randa, patasi, msumeno, tupa, tezo, keekee, jiriwa, guni. Mengi yamo katika kamusi tangu zile za wamisionari wa karne ya 19 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Lakini jina la chombo halimfundishi mtu kukitumia. Kijana wa Meru au Embu aliyerithi sanduku la vyombo vya babu yake aweza kujua kwamba hii ni patasi na ile ni randa, na bado asiweze kuchonga hata ulimi mmoja wa kiti, kwa kuwa vyote ni butu. Anachohitaji ni maelezo ya kazi. Na maelezo ya kazi husimama juu ya vitenzi na juu ya majina ya sehemu ndogo ndogo za chombo. Makala haya yanakusudia kueleza namna vyombo vya zamani vinavyotiwa makali, na papo hapo kuonyesha ni wapi Kiswahili kina neno tayari, na ni wapi maneno yake yanagongana.

Useremala wa upande huu wa Mlima Kenya una mapokeo mawili. La kwanza ni la shoka na tezo, ambalo bado laonekana katika mizinga ya nyuki inayochongwa kutokana na magogo, hasa Tharaka na Mbeere. La pili lilikuja na misheni: Waanglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti Kaaga, Meru, mwaka 1912. Kanisa na shule havisimami bila milango na madawati, na kwa hiyo seremala alihitajika mapema. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete, na randa za chuma na misumeno ya Sheffield ikazidi kuenea. Vyombo vilikuwa vya Waingereza, lakini majina yalitoka pwani. Randa na patasi yana ndugu zao katika lugha za Uajemi na Bara Hindi, nayo yalikuwa yamekwisha kukaa katika Kiswahili kabla ya reli kujengwa. Lugha za bara ziliyapokea na kuyapa sauti zake zenyewe. Kigikuyu, mathalan, kina *muthumeno* kwa msumeno.

Ama kitenzi *noa*, hicho hakikuhitaji kupanda kutoka pwani. Mzizi wake ni wa Kibantu, na Kigikuyu kina *kunoora*. Watu wa nchi hii walikuwa na visu na mashoka ya wahunzi wao, na mawe ya kunolea, kabla ya kuiona randa. Jambo hili lafaa kukumbukwa na mtunga istilahi: kazi ya kunoa si ngeni huko, kilicho kigeni ni umbo la chombo kinachonolewa.

Tofauti ya umbo si ndogo. Kisu au panga hunolewa pande zote mbili, na makali yake yako katikati ya unene wa chuma. Patasi na ulimi wa randa hunolewa upande mmoja tu, na upande wa pili hubaki sawa kabisa. Tuuiteje kila upande? Baadhi ya watu huuita upande ulio sawa mgongo, lakini mgongo wa kisu ni ule ukingo usiokata, na mwanafunzi aliyekulia na panga atapotea. Neno *bapa*, ambalo tayari lina maana ya upande mpana wa chuma, lafaa zaidi. Kwa upande ulioinama tunalo neno ambalo halitumiki ipasavyo, nalo ni *hanamu*. Mabaharia na mafundi wa pwani walilijua kwa maana ya mshazari, na kukata hanamu ni kukata kwa kuinamisha. Basi tukisema kwamba makali ya patasi ni mahali bapa na hanamu zinapokutana, tumekwisha kueleza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni mkono. Patasi ya zamani iliyoota kutu huanzwa kwenye bapa. Kutu iliyotafuna chuma huacha vishimo, na kishimo kilichofika kwenye makali ni pengo. Fundi hulaza bapa juu ya jiwe lililo sawa, au juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo, na kusugua mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote. (Msasa wenyewe una historia nzuri: kabla ya kuwa karatasi ya dukani ulikuwa mti wenye majani makavu ya kukwaruza, na majani hayo ndiyo yaliyolainisha mbao.) Kisha huja hanamu. Kwa kawaida husagwa kwa pembe ya nyuzi 25, na ukingo wake wa mwisho hunolewa kwa nyuzi 30. Asiye na chombo cha kupimia pembe na aangalie unene wa chuma: hanamu yenye urefu mara mbili ya unene huo ni nyuzi 30 barabara.

Hapa Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautiana kuliko tunavyokumbuka. *Kusaga* ni kazi ya cherehe, jiwe la mviringo linalozunguka. Ndiko hanamu iliyoharibika inakorudishiwa umbo lake. Fundi huchovya chuma majini kila mara, maana kikigeuka rangi ya samawati kimepoteza ugumu, na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe. *Kupiga tupa* ni kazi ya meno ya msumeno. *Kufua* ni kazi ya mhunzi. *Kunoa* ni kule kusugua kwa upole juu ya jiwe lenye maji au mafuta. Anayetumia *noa* kwa yote manne hajakosa sarufi, lakini mwanafunzi wake atapeleka patasi nzuri kwenye mashine ya kusagia na kuirudisha imeungua.

Hanamu inaponolewa vya kutosha, chuma chembamba mno hujikunja upande wa bapa. Kidole hukihisi kabla ya jicho kukiona. Hiyo ndiyo dalili kwamba pande mbili zimekutana, na asiyeijua dalili hii hunoa kwa kukisia. Tunashawishika kuita kitu hiki uzi, lakini neno hilo limelemewa tayari. Tumekwisha kusema nyuzi 30 kwa maana ya pembe. Mbao nazo zina nyuzi zake, ambazo randa haina budi kuzifuata. Tukiongeza uzi wa tatu juu ya makali, maelezo yatakuwa kitendawili. Tungependekeza *unywele*. Unywele huo huondolewa kwa kulaza bapa juu ya jiwe na kuvuta mara chache, kisha hanamu, kisha bapa tena, na mwisho juu ya mkanda wa ngozi. Baada ya hapo chombo na kielekezwe kwenye mwanga. Makali halisi hayaonekani. Mstari mweupe unaong'aa ukingoni ni ubutu.

Mbao za Meru na Embu ni mtihani mzuri wa kazi hii. Muringa na muuru ni miti ya asili yenye sifa ya siku nyingi, lakini mbao iliyo karibu na fundi wa nyumbani ni grivilia, ambayo wengi huiita mukima. Mti huu ulitoka Australia, ukapandwa kuwa kivuli cha kahawa na chai na kuwa mpaka wa mashamba. Serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma kuanzia mwaka 2018 hadi 2023, miti ya shambani ilizidi kutegemewa. Grivilia ina madoa yanayometameta, na mahali penye madoa hayo nyuzi hunyofoka upesi. Humwumbua fundi mwenye randa butu: badala ya maranda marefu hupata vipande, na uso wa mbao hubaki na mashimo. Kabla ya kuilaumu mbao, ulimi wa randa na utolewe unolewe, kisha urudishwe ukiwa umejitokeza kwa unene wa unywele tu.

Kuhusu msumeno Kiswahili kimetutangulia. Kupasua ni kufuata nyuzi za mbao. Kukata ni kuzivuka. Msumeno wa kupasulia hupigwa tupa moja kwa moja, na meno yake huchimba kama patasi ndogo ndogo. Msumeno wa kukatia hupigwa tupa kwa mshazari, na kila jino huwa kama ncha ya kisu. Wapasuaji waliosimama mmoja shimoni na mmoja juu ya gogo hawakuhitaji kamusi ili kutofautisha mambo hayo. Kinachotatiza ni ile hatua ya kuinamisha meno, hili kulia, hili kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bamba lake nao usikwame. Kuiita kupinda meno ni kuhatarisha chombo, maana meno yaliyopinda ni kasoro. *Kutanua meno* ni afadhali, kwa sababu kunataja kusudi. Utaratibu ni huu: ncha zote zisawazishwe kwa tupa bapa, meno yatanuliwe, lakini nusu ya juu tu ya kila jino, kwani jino likiinamishwa kutoka shinani huvunjika, ndipo tupa ya pembetatu ipite, ikisukumwa mbele tu, pengo moja baada ya jingine kwa kuruka, kisha msumeno ugeuzwe.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kazi za mikono ziliingizwa katika shule za msingi, na Kiswahili kikafanywa somo la lazima la mtihani. Mambo hayo mawili hayakukutana. Ufundi ulifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikafundishwa bila nyundo. Katika karakana mwanafunzi alijifunza kwa kumtazama fundi aliyesema kidogo, nusu kwa Kimeru au Kiembu. Leo mahali *noa* inapoonekana sana ni kurasa za michezo, ambako makocha huzinoa timu zao. Hatuna ugomvi na makocha. Lakini mwandishi huyo wa michezo aliazima neno kwa sababu wasomaji wake walikuwa wameliona jiwe na kisu. Hatua ya kuanzia, kwa maoni yetu, ni kuyapeleka maneno *hanamu*, *unywele* na *kutanua* kwa mafundi wa Meru, Chuka na Embu ambao bado wananoa kwa mkono, tusikie wao wenyewe wanavyoyaita mambo hayo, na tuwe tayari kuyaacha ya kwetu.