Mboga Ndani ya Nyumba kwa Asiye na Shamba



Sisi tunaokaa kambini au katika chumba cha kupanga twaijua taabu ya kiangazi. Huku Mwakiro na Muyinga mvua hukatika tangu Juni hadi Septemba. Mavuno ya kahawa yamekwisha, vibarua vimepungua, na hapo ndipo lengalenga huwa adimu sokoni. Ukipanda uani, mbuzi wa jirani atakula kabla yako. Basi yafaa kupanda ndani, dirishani au karibu na mlango.

Kabla ya kununua mbegu, pima mwanga. Saa sita mchana inua mkono juu ya karatasi mahali unapotaka kuweka chombo. Kivuli kikiwa na ukingo wazi, panda lengalenga. Kikiwa hafifu, panda kitunguu ili uchume majani yake tu. Usipoona kivuli, usipoteze mbegu. Mche utarefuka, utapauka na kuanguka. Ukuta uliopakwa chokaa huongeza mwanga chumbani.

Chombo chaweza kuwa kopo la mafuta ya kupikia, beseni lililopasuka au gunia la mchele. Lakini galoni au debe lililokuwa na dawa ya wadudu lisiingie nyumbani kamwe. Mikahawa hupigwa dawa kwa sababu ya wadudu wanaofyonza matunda na kuharibu ladha ya kahawa, kisha vyombo hubaki kando ya stoo, vizima, vina na vifuniko. Vyavutia, nani asiyejua? Ila dawa hunywea ndani ya plastiki yenyewe. Hata ukisuuza kwa sabuni mara tatu, masalio yaweza kutoka polepole yakaingia katika udongo na mboga, na watoto hulala chumba hicho hicho. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, juu ya usalama na afya katika kilimo, wataka vyombo vitupu vya kemikali vikusanywe na kutupwa kwa njia salama ili visitumiwe kwa kazi nyingine. Mjumbe wa chama na aulize stooni: vya kwetu huenda wapi?

Toboa matundu chini ya kopo, weka kokoto kidogo, kisha udongo makopo mawili kwa samadi kopo moja. Samadi iwe imeoza kabisa; iliyo mbichi huunguza mizizi, tena hunuka. Maganda ya kahawa yaliyooza kwa miezi mingi nayo hufaa.

Mbegu za lengalenga ni ndogo mno, zifunike kwa udongo mwembamba. Baada ya wiki 3 au 4 kata, using'oe. Acha shina la vidole viwili nalo litachipua tena. Mwagilia maji yaliyooshea mchele, yasiyo na sabuni, pale tu kidole kinapokuta udongo mkavu. Geuza kopo kila siku, kwa kuwa mche huinamia dirisha.

Makopo machache hayatalisha nyumba ya watu sita, tusidanganyane. Yatapunguza safari za sokoni. Mwezi wa Agosti, kopo moja liwe la miche ya kabichi au nyanya: mvua zikirudi utaihamishia nje ukipata mahali, au utamwuzia mwenye shamba.