Boneti ya Morris ya Mzee Wetu

Kwa muda wa miezi saba tulikuwa tukiifunga boneti ya gari letu kwa kamba ya katani, wala hatukuona haya. Gari lenyewe ni Morris Minor ya mwaka 1959, tuliyoirithi kwa marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akiiosha kila Alhamisi jioni ili Ijumaa iende msikitini ikiwa safi. Kila aliyetuuliza habari ya ile kamba tulimjibu kwa mzaha kwamba gari la mtu mzima halikosi mkanda.

Mama watoto hakucheka. Tulikuwa tukirejea kutoka Kilifi, watoto wawili wamekaa nyuma, na lori likatupita likielekea Malindi. Upepo wake uliinua boneti kiasi cha vidole viwili, kamba ikakaza, boneti ikarudi chini kwa kishindo. Mama watoto aliitazama kamba hiyo ikitikisika mpaka tukafika Mtwapa, ndipo aliposema: "Baba watoto, mimi na wanangu hatupandi tena gari hili mpaka lifungike kama lilivyoundwa." Harusi ya binti wa dada yetu ilikuwa Malindi baada ya wiki tatu.

Alikuwa na haki. Katika Morris Minor, kama katika magari mengi ya leo, bawaba za boneti ziko nyuma, karibu na kioo cha mbele, na kitasa kiko puani mwa gari. Kitasa kikiachia gari likiwa mbioni, upepo huingia chini ya bati na kuligeuza lote juu ya kioo. Dereva haoni barabara tena, wala haoni anayemjia. Kwa sababu hiyo waundaji waliweka kinga mbili: kitasa chenyewe, na ndoano ndogo ya usalama inayoinasa boneti endapo kitasa kimeshindwa. Ndoano yetu ilikuwa imeshikwa na kutu, springi yake imekufa, haikunasa chochote. Kwa hiyo kati ya watoto wetu na msiba ilikuwapo kamba ya katani, na aliyeifunga ni sisi.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alifanya kazi kwa muda usiozidi saa moja. Aligonga pembe za boneti kwa nyundo, akaishusha pini ya kitasa kwa nguvu, akapokea ujira wake. Siku ya kumi boneti ilikuwa ikicheza kama awali, na sasa ilikuwa na mbonyeo. Hatumlaumu peke yake, maana tulisimama juu ya kichwa chake tukimhimiza.

Hapa yafaa tuseme kidogo juu ya boneti hii, kwani ina kisa chake. Aliyeibuni Morris Minor ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smirna, mji uitwao leo Izmir, nchini Uturuki; ndiye aliyekuja kubuni Mini baadaye. Gari lilipokaribia kuanza kuundwa aliliona ni jembamba mno, akaamuru la mfano likatwe katikati kwa urefu, na nusu zake zikasogezwa mbalimbali hadi umbo likamridhisha. Nafasi iliyopatikana ni inchi 4. Ndiyo maana katikati ya boneti umepita ukanda ulioinuka, kama mshono wa kanzu iliyoongezwa upana. Gari lilioneshwa London mwaka 1948, likawa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Sisi tulipanda gari hilo utotoni mwetu bila kujua kwamba ukanda ule tuliokuwa tukiuparuza kwa vidole ulikuwa ni alama ya fikira ya mtu.

Turudi kwenye dawa. Aliyeivumbua ni binti yetu wa miaka kumi na minne. Alilizunguka gari akipitisha kidole kwenye mwanya ulio baina ya boneti na madigadi. "Baba, huku kushoto kidole chaingia, na huku kulia hata karatasi haipiti. Tena rangi imekwaruzika." Tulimpelekea habari hiyo mzee mmoja fundi wa bodi, jirani yetu, ambaye macho hayamruhusu tena kufanya kazi. Akacheka. "Nyinyi mwapigana na kitasa, na ugonjwa uko kwenye bawaba. Kitasa huguswa mwisho."

Tukaifuata kauli yake. Kwanza tulizifunga pembe za boneti kwa vitambaa ili zisichubue rangi, tukachora kwa penseli mahali bawaba zilipokuwa zimekaa, ili tukikosea tupajue pa kurudia. Boneti si kazi ya mtu mmoja. Mwanetu wa kiume aliishika upande mmoja, sisi upande wa pili, na binti ndiye aliyekuwa na spana. Bolti za kulia zilikuwa zimelegea na washa moja haikuwapo kabisa. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imezila nyingine. Tuliweka mpya, tukazikaza nusu tu, kiasi boneti iweze kusogezwa kwa mkono bila kuanguka. Kisha tukaishusha taratibu, tukaisogeza kidogo, tukaiinua, tukakaza, tukaishusha tena. Binti alipima mwanya kwa kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi kilichokunjwa mara mbili. Mara ya sita kadi ilipita sawasawa pande zote mbili, na adhana ya alasiri ilikuwa inaanza.

Asiye na subira na aiache kazi hii hapo, kwani ukiisogeza bawaba kwa unene wa ukucha, pua ya boneti husogea zaidi ya hivyo.

Baada ya sala tuligeukia mipira midogo inayoibeba boneti pembezoni. Ilikuwa imekauka na kupasuka, na moja imebaki nusu. Mipira hii ndiyo inayoisukuma boneti juu ili kitasa kiwe na kitu cha kushindana nacho. Isipokuwapo, bati hucheza hata kama kitasa ni kizima. Tukabadilisha yote. Hapo ndipo tulipokigusa kitasa. Tulikisafisha kwa mafuta ya taa na brashi, tukakipaka grisi, tukalegeza nati ya kukazia, tukaizungusha pini kwa bisibisi nusu mzunguko kwa mara moja, tukifunga na kujaribu kila mara. Pini ikiwa ndefu mno, boneti hulegea. Ikiwa fupi mno, hukataa kufunga na kukulazimisha uipige kishindo, na kishindo ndicho kinachoharibu bawaba.

Ndoano ya usalama tuliipa springi mpya. Kisha tukaijaribu: tukafungua kitasa makusudi, tukaivuta boneti juu kwa mikono miwili. Ikainuka kidogo, ikanaswa. Tulimwita mama watoto aivute mwenyewe. Akaivuta mara tatu.

Jaribio hilo mama yeyote aweza kulifanya kabla ya safari, hata kama gari lake limetoka dukani jana na boneti yake inafungwa kwa mpangilio huohuo. Fungua kitasa tu, vuta, uone kama ndoano inanasa. Kisha funga, ubonyeze pembe mbili za mbele kwa viganja, zikicheza, usiondoke. Usibonyeze katikati, bati ni jembamba na litabonyea.

Siku ya harusi tulitoka Mombasa baada ya alfajiri. Mama watoto alikaa mbele. Malori yalitupita Mtwapa, yakatupita Kilifi, na boneti ikatulia. Kupita daraja la Kilifi alilala usingizi, na hakuamka ila Gede. Kamba ya katani ilikuwa nyuma, amefungia mkeka wa zawadi ya bibi harusi.