Makonyo ya Pemba na soko la dawa za fizi

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, watu hawalali mapema. Karafuu zilizochumwa mchana humwagwa chini, familia na majirani wakaketi kuzichambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Karafuu zikishakauka juani hupelekwa kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na ndizo zinazosomesha watoto na kuezeka nyumba. Vile vikonyo navyo huanikwa, lakini bei yake ni ndogo na hakuna anayevihesabu katika utajiri wa kisiwa. Naona hapo tunakosea hesabu.

Huko Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda ambako makonyo hukenekwa kwa mvuke na kutoa mafuta. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa takriban kilo 5 au 6 za mafuta. Karafuu zenyewe hutoa kilo 15 na zaidi, ila nani atamwaga karafuu ya daraja la kwanza kwenye tangi la mvuke wakati wanunuzi wa viungo wanaigombania? Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni eujenoli. Kila aliyewahi kuzibwa jino kwa muda anaijua harufu yake, maana madaktari huichanganya na unga wa zinki oksidi. Eujenoli huharibu utando unaowazunguka bakteria hadi vilivyomo ndani vikavuja. Maabara zimeijaribu dhidi ya Porphyromonas gingivalis, mmoja wa maadui wakubwa wa fizi, ikafanya kazi.

Wateja wapo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 wana maradhi makali ya fizi. Dawa ya kusukutua inayotegemewa zaidi na madaktari, klorheksidini, huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuvuruga ladha ikitumika kwa muda mrefu. Ndiyo maana viwanda vinatafuta mimea. Wala si jambo jipya: Listerine, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1879, mpaka leo inasimama juu ya viini vinne vinavyojulikana kutoka kwenye mimea, kikiwemo cha mkaratusi. Nchini India, kampuni ya Dabur inauza dawa ya meno iitwayo Meswak, yenye dondoo la mti uleule ambao sisi tunauza vijiti vyake nje ya misikiti siku ya Ijumaa.

Mkarafuu tunao, na ujuzi wa wazee tunao. Tunachokosa ni kipimo. Kiwanda cha dawa ya meno hakinunui sifa ya Pemba. Kinanunua pipa lenye cheti kinachotaja asilimia ya eujenoli, na pipa la mwakani lazima lifanane na la mwaka huu. Indonesia na Madagascar hukeneka mafuta ya majani kwa wingi na kwa bei ya chini. Kushindana nao kwa mapipa ya mafuta ghafi ni kujichosha. Faida iko kwenye bidhaa iliyokamilika.

Na hapo uaminifu unahitajika sana. Kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara ni kazi nyepesi. Mdomoni, bakteria wamejibanza ndani ya ukoga, wamejifunika, na dozi inayowaua huko inaweza kuwa kubwa mara nyingi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi, na mtoto akiyameza ni hatari. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, hakuna sukutuo litakaloung'oa. Ni kazi ya daktari na vifaa vyake. Mfanyabiashara anayeandika kwenye chupa kwamba dawa yake inaponyesha fizi bila majaribio kwa wagonjwa anaiharibia soko karafuu nzima.

Majaribio hayo hayahitaji kupelekwa Ulaya. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kina Taasisi ya Tiba Asili, na chuo hichohicho hufundisha madaktari wa meno. Kutoka Wawi mpaka Upanga, kilipo chuo hicho, ni safari ya boti. Pipa moja la mafuta ya makonyo, likisindikizwa na mkataba unaompa mkulima sehemu yake tangu mwanzo, linatosha kuanzia.