Mwendo wa Angani: Kutoka Kalehe hadi Kinshasa

Neno mwendo katika Kiswahili hubeba maana ya urefu wa njia na pia ya muda wa kuipita. Aliyesema "mwendo wa siku tatu" hakuhitaji kutaja maili. Kwa msafiri wa Kalehe, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Kivu, anayekwenda Kinshasa, maana hizo mbili huachana kwa namna inayostahili kuelezwa.

Kwa mstari ulionyooka, Bukavu na Kinshasa zimetengana kwa kilomita 1,500 hivi. Uwanja wa ndege wa Kavumu uko kilomita zipatazo 30 kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara ya Kalehe, hivyo msafiri wetu huufikia kabla ya kuuona mji wenyewe. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa huumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili hivi. Njia ya chini haifanani nayo hata kidogo: ni barabara mbovu ya msituni hadi Kisangani, kisha kilomita zipatazo 1,700 za Mto Kongo.

Linalowatatiza wengi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ndege ikiondoka Kavumu saa nne asubuhi na kukaa angani saa mbili, hutua Kinshasa saa tano, wala si saa sita. Ikirudi saa hiyo hiyo ya tano, hufika Kavumu saa nane mchana. Karatasi yaonyesha saa moja kwenda na saa tatu kurudi, ilhali safari ni ile ile. Sababu ni jua. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Bukavu iko karibu na nyuzi 29 mashariki, Kinshasa karibu na 15, na kila mji hufuata majira yanayoukaribia. Kwa bahati njema, hesabu ya Kiswahili inayoanzia mapambazuko haiharibiki: saa moja asubuhi ni jua changa katika miji yote miwili.

Hesabu hii nyepesi ilivurugika mwaka 2025. Tarehe 14 Februari waasi wa M23 waliutwaa uwanja wa Kavumu, na siku chache baadaye mji wa Bukavu; safari za abiria kwenda Kinshasa zikakatika. Kilomita 1,500 hazikuongezeka kwenye ramani, lakini mwendo ulibadilika kabisa. Anayevuka mpaka na kupitia Kigali na Nairobi hupaa kwanza kilomita 750 hivi kuelekea mashariki, yaani kuipa Kinshasa kisogo, kisha kilomita 2,400 kurudi magharibi: zaidi ya maradufu ya njia ya awali, bila kuhesabu barabara, mpaka na kungojea viwanjani. Nairobi huisogeza saa yake mbele kwa saa moja; Kinshasa huirudisha nyuma kwa saa mbili.